Le ya Chini

Kaseti mbili zilikuwa ndani ya bati la majani ya chai, kwenye rafu ya juu kabisa, nyuma ya redio ambazo wenyewe hawakuzirudia. Wekoye alijua zilipo. Kwa miaka sita alikuwa akilipangusa bati hilo kila Jumamosi bila kulifungua.

Alhamisi hiyo ya Agosti 2009 shemeji yake Chesang aliingia dukani, akaketi kwenye stuli ya wateja bila kungoja kukaribishwa, akaweka mkoba magotini.

"Shemeji," alisema, "lile bati. Hebu lishushe."

Duka la Wekoye, kama linaweza kuitwa duka, lilikuwa na upana wa milango miwili, katika kichochoro kilicho nyuma ya soko la Kitale. Mlangoni palikuwa na kibao alichokiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu mwaka 1984: FUNDI LEDIO. Watu walicheka, yeye akakiacha. Siku hiyo hakuwa amekuja kufanya kazi. Alikuwa amekuja kukaa mahali pasipokuwa na waombolezaji. Mkewe, Everlyne Jepkemboi, alikuwa amefariki Jumatatu, baada ya miezi mitano ya ugonjwa wa figo. Mwili ulikuwa mochwari. Jumamosi angezikwa Ndalu, katika shamba alikozaliwa Wekoye.

"La nini?" Wekoye aliuliza.

"Kwaya inauliza itamwimbia nini."

"Kuna nyimbo tele. Wachague."

"Dada alichagua." Chesang alikuwa mdogo wa marehemu, mwalimu wa shule ya msingi huko kwao kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na alizoea kusema jambo mara moja tu. "Alitaka ule wimbo wa mama wa malkia. Na akasema hivi, nilimshika mkono akisema: kabla hamjaimba, wewe shemeji usikilize kaseti. Ile ya pili. Halafu alto irekebishwe na yule aliyeikosea."

"Aliyeikosea?" Maneno yalimtoka Wekoye kabla hajayapima. "Si ni yeye mwenyewe, malehemu?"

Chesang hakukasirika. Alimtazama tu, kama anavyomtazama mtoto aliyejibu haraka.

"Shusha bati," alisema.

*

Wekoye aliishia darasa la saba. Ufundi wa redio alijifunza Kitale, kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa akimlipa kwa chai na soldaringi, ile risasi ya kulehemu nyaya. Muziki alijifunza kwa mwalimu wa kwaya aliyepita Ndalu mwaka mmoja tu, akamwachia kijana huyo kitu ambacho hakukipoteza tena: sofa. Do, re, mi, fa, so, la, ti. Kwenye karatasi huandikwa herufi ya kwanza peke yake, d kwa do, r kwa re, l kwa la, na mtu anayezijua anaweza kuchukua karatasi asiyowahi kuiona akaimba kilichomo.

Sikio lake lilikuwa la ajabu. Aliweza kusikiliza kwaya ya watu thelathini na kusema ni nani aliyekunywa maziwa baridi asubuhi. Ulimi wake ulikuwa jambo jingine. Kama wengi waliokulia Bungoma, r na l kwake zilikuwa mlango mmoja. Redio ilikuwa ledio, habari ilikuwa habali. Kwenye mazungumzo hilo halimsumbui mtu, maana msikilizaji hujua kinachosemwa. Kwenye sofa ni hatari, kwa sababu noti mbili kati ya saba, r na l za kwenye karatasi, zinatofautishwa na sauti hiyo. Re iko chini, la iko juu. Mtu asiyetenganisha r na l akikutajia noti kwa haraka, irabu ikamezwa, unaweza kuandika ya juu mahali pa ya chini.

Everlyne alilijua hilo tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, na ndiye aliyelitafutia dawa. Alikuwa karani, mpiga chapa katika ofisi ya chama cha ushirika cha wakulima wa mahindi, na ndiye aliyeandika nyimbo zote za kwaya ya mumewe. Wekoye alifumba macho, akasikiliza, akataja noti. Everlyne akaandika kwenye daftari. Palipokuja re, Wekoye alishusha kiganja hadi usawa wa mshipi. Palipokuja la, alikipandisha hadi kidevuni. Everlyne alitazama mkono, si mdomo. Kwa njia hiyo waliandika nyimbo mia moja na kitu, na hakuna iliyokuwa na kosa.

Chuoni, Eldoret, Everlyne alifunzwa kanuni tatu za karani anayesomewa barua na mkubwa wake. Andika unachosikia, si unachodhani. Ukiwa na shaka, uliza. Usipojibiwa, andika ulichosikia na uweke alama ya kuuliza pembeni. Alizifuata kanuni hizo ofisini, na alizifuata mezani kwake, taa ikiwaka au jua likiingia dirishani.

Wekoye naye alikuwa na kanuni yake moja. Kila walipokaa kuandika, mashine moja ilicheza wimbo, na ya pili, yenye maikrofoni ndani, ilinasa yote yaliyosemwa chumbani. "Huyu ni shahidi," alipenda kusema, akiigonga kwa kidole. "Siku tukigombana juu ya noti, tutamwita aseme."

Hawakuwahi kugombana juu ya noti. Kaseti ya shahidi ilifutwa na kurekodiwa tena, wimbo baada ya wimbo.

*

Aprili 2002 alizikwa mama yake Malkia wa Uingereza, na ibada ya mazishi ikatangazwa moja kwa moja redioni kutoka London. Kitale ilikuwa saa saba na nusu mchana, siku ya Jumanne. Everlyne alitoka ofisini kwa chakula akamkuta mumewe amefunga nusu ya mlango wa duka, kaseti mpya mashineni, kidole juu ya kitufe.

"Unazika nani?" aliuliza.

"Nyamaza. Wanaingia."

Walisikiliza wakiwa wamesimama. Kwanza palikuwa na kengele, kisha kimya kirefu chenye mwangwi, aina ya kimya kinachomwambia fundi kwamba jengo ni la mawe na paa liko mbali sana. Halafu sauti zikaanza, bila kinanda. Za wavulana zilikuwa juu, nyembamba. Za wanaume zilikuja chini yake polepole, hatua kwa hatua, kama watu wanaobeba kitu kizito na hawataki kitikisike. Hawakulia. Hawakupaza. Wekoye, aliyezoea matanga ya nyumbani ambako huzuni hupigiwa ngoma na kelele hadi koo likauke, alisimama mdomo wazi.

"Hawa wanalia ndani," alisema wimbo ulipoisha.

Everlyne alikuwa ameshika kikombe ambacho hakukinywa. "Baba Nekesa," alisema, akimwita kwa jina la binti yao, "mimi nikifa mtaniimbia huo?"

"Wewe malkia wa wapi?"

"Wa Ndalu."

"Haya, malkia wa Ndalu. Lakini utangoje tuuandike kwanza."

Walianza kuuandika Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, na wakamaliza Jumapili ya tatu. Wekoye aliuwekea maneno ya Kiswahili kutoka katika kitabu cha sala, sehemu ya maziko. Everlyne alinakili kwenye karatasi safi, akachapa stensili ofisini, akairudufu, na kwaya ikapata nakala. Huo ukawa wimbo wao wa mwisho kuandika, kwa hiyo kaseti ya shahidi haikufutwa.

Agosti 2003 waliupeleka kwenye mashindano ya kwaya mjini Bungoma. Mwamuzi alikuwa mtu aliyeujua wimbo. Alizisifu sauti zote, halafu akasema kuna mahali, mwisho wa mstari wa tatu, ambapo alto waliruka juu kama mbuzi aliyekanyaga moto, ilhali wimbo ulitaka washuke. "Sijui nakala yenu mliitoa wapi," alisema, "lakini aliyeiandika hakusikia." Ukumbi ulicheka. Walishika nafasi ya nne.

Ubaya wa kosa hilo ni kwamba lilijificha. La na re zikiimbwa pamoja zinapatana; besi wakiwa kwenye re, alto wakiwa kwenye la, hakuna mkwaruzo wa kumshtua mtu. Hata Wekoye hakulisikia mazoezini, na hilo lilimuuma kuliko nafasi ya nne. Nje ya ukumbi, kwaya ikiwa imesimama na chupa za soda, watu walimgeukia wakingoja neno lake. Alisema:

"Mimi sikio langu mnalijua. Mwandishi wangu ndiye aliyekosea."

Everlyne alikuwa hatua mbili kutoka kwake, katika sare ya kwaya, miongoni mwa alto wenzake.

"Sawa, Mwalimu," alijibu.

Hakuwa amewahi kumwita Mwalimu. Hilo lilikuwa jina aliloitwa na kwaya. Jumapili iliyofuata hakupanda jukwaani. Aliketi benchi la nne, kando ya dirisha, kitabu cha nyimbo kimefungwa magotini, na hapo ndipo alipoketi miaka sita. Wasiomjua walidhani ana matatizo ya koo. Nyumbani alipika, akacheka na wageni, akamuuliza mumewe habari za kazi. Lakini zamani alikuwa mtu wa kuimba akiosha vyombo, na sasa jikoni kwake kulisikika maji na sufuria tu. Wekoye alilisikia hilo kila jioni. Alikusudia kusema kitu. Mwezi wa kwanza aliona ni mapema. Mwaka wa kwanza ulipopita aliona amechelewa.

*

Alilishusha bati.

Kaseti ya kwanza iliandikwa kwa mkono wa Everlyne, herufi zimenyooka: MAMA WA MALKIA. Ya pili: MAMA WA MALKIA – SHAHIDI. Kichupo cha plastiki kwenye ukingo wa kaseti, kile kinachozuia isirekodiwe tena, kilikuwa kimevunjwa.

"Nani amevunja hiki?" Wekoye aliuliza.

"Si mimi."

Mashine ilikuwa na mkanda wa raba uliolegea. Alibadilisha. Alisafisha kichwa cha kusomea kwa pamba na spiriti, akaingiza penseli kwenye tundu la kaseti, akakaza utepe. Kazi ya dakika tano aliifanya kwa dakika ishirini, na Chesang hakumharakisha. Kisha akabonyeza.

Kulikuwa na jogoo. Kulikuwa na mlango wa nyumba yao, akautambua kwa bawaba. Halafu, kwa mbali, kama kitu kinachotoka chini ya maji, zile sauti za London: wavulana, kisha wanaume. Kwenye kaseti ya kwanza ungezisikia safi. Hapa zilikuwa zimeingia chumbani kwao, juu ya meza yao, na kati yake palikuwa na mikwaruzo ya kalamu.

"*So. So. Fa. Mi,*" ilisema sauti yake mwenyewe, ya mtu mwenye miaka saba pungufu.

"*Mi, halafu?*" ilisema sauti ya Everlyne.

Wekoye aliinamisha kichwa. Alikuwa amejiandaa kwa muziki. Sauti hiyo hakuwa amejiandaa nayo: ya mtu mzima wa afya, anayetafuna kitu, labda karanga, akiwa na haraka kidogo kwa sababu kuna sufuria motoni. Sauti yake ya hospitali ilikuwa imeifuta kabisa.

Walisikiliza mstari wa kwanza na wa pili. Wimbo ulikatwa, ukarudishwa, ukaanza tena. Mara tatu, mara nne. Mahali fulani palisikika kitu kikianguka na Wekoye wa kaseti akilaani: kifuniko cha mashine kilikuwa kimevunjika, na sasa alilazimika kukibana kwa mkono mmoja huku mwingine ukibonyeza vitufe. Wekoye aliyekuwa dukani alikumbuka. Aliitazama mikono yake.

Mstari wa tatu ukaanza. Sauti zikateremka.

"*Alto,*" ilisema sauti yake. "*Mi. Fa. Mi. Le.*"

Kalamu ikasimama.

"*Baba Nekesa, hujanionyesha mkono. Re ya chini ama la ya juu?*"

"*Le! Nimesema le.*"

"*Ndio nauliza, ipi?*"

"*Le, Mama Nekesa! Andika, bana, mikono yangu imefungika! Andika nilivyosema.*"

Kalamu ikaandika. Nyuma yao, katika kanisa la mawe, alto za London zilishuka kwa utaratibu hadi re, zikatulia hapo.

Wekoye alisimamisha kaseti.

Chesang alifungua mkoba, akatoa daftari la jalada la kijani lililokunjika pembe. Halikuwa nakala safi. Lilikuwa lile la mezani, la kwanza, ambalo Wekoye hakuwa amelifungua hata mara moja, kwa sababu yeye alisoma stensili tu. Ukurasa ulikuwa umewekewa kipande cha uzi. Mwisho wa mstari wa tatu, sauti ya alto, paliandikwa m, f, m, l. Na kando ya ile l, kwa kalamu ileile, palikuwa na alama ndogo ya kuuliza.

"Alijua?" Wekoye aliuliza.

"Tangu wiki ileile ya mashindano. Ulienda Moi's Bridge kununua spea, akaisikiliza hapahapa, akavunja kile kichupo usije ukaifuta."

"Miaka sita! Kwa nini hakuniambia?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Nilimgombeza, hata. Akasema, yeye mwenyewe ndiye alisema huyu ni shahidi. Wacha amwite." Chesang alifunga mkoba. "Alikungoja, shemeji. Alikuwa mkaidi, dada yangu, sikatai. Lakini alikungoja."

*

Ijumaa mchana kwaya ilikutana kanisani kwa mazoezi. Walikuja wengi, hata walioacha. Wekoye aligawa zile nakala za zamani za stensili, zilizokuwa zimeanza kuwa za manjano, akasimama mbele yao. Alikuwa na sentensi moja tayari kichwani. Alikuwa ameiandaa tangu alfajiri.

"Mstali wa tatu," alianza. "Alto. Pale mwisho. Futeni hiyo l, wekeni..." Akashusha kiganja hadi usawa wa mshipi.

Kiongozi wa alto, Waruguru, alifuta kwa ncha ya kucha. Alikuwa muuza mitumba, mama wa watoto wanne, na jamaa zake walitoka Mkoa wa Kati wakaja kulima huko Kwanza, karibu na Kitale, kabla hajazaliwa. Januari ya mwaka uliotangulia, nchi ilipochafuka baada ya uchaguzi, yeye na watoto wake walilala jikoni kwa Everlyne siku kumi na moja. Kwaya iliimba mstari ule. Alto walishuka, na kila mtu akasikia jinsi wimbo ulivyokaa mahali pake, kama meza iliyowekewa kipande cha karatasi chini ya mguu.

"Kumbe!" Waruguru alisema, machozi yakimlenga. "Kumbe ni hapa tu ndipo Mama Nekesa alitukosea. Herufi moja. Na akaona aibu mpaka akatukimbia."

"Malkia wetu," alisema Mukhisa. Alikuwa mwimbaji wa besi, mpakiaji wa magunia ya mahindi, aliyezaliwa mjini na kuzoea kumtania Mwalimu kwa ulimi wake. Siku hiyo hakutania. "Si tumsamehe, jameni? Asizikwe na hilo."

"Tumemsamehe," watu walisema, mmoja mmoja, kisha pamoja. Mtu akapendekeza maombi. Walifumba macho, na Waruguru akamwomba Mungu asiihesabu ile noti juu ya mtumishi wake Everlyne, kwa maana wenzake wameisahau.

"Amina," walisema.

Wekoye naye alisema Amina. Alijisikia akiisema.

Kisha wakaendelea na mstari wa nne.

*

Ndalu mahindi yalikuwa yamefika kifuani. Hema zilipigwa uani, na majirani walianza kufika saa nne, wanawake wakiwa na kuni na sufuria, wanaume wakibeba viti. Watu wa ukoo wa Everlyne walishuka kutoka mlimani kwa lori. Hotuba zilikuwa nyingi na ndefu. Mwenyekiti wa chama cha ushirika alisema kwamba katika miaka ishirini na miwili marehemu hakupeleka barua hata moja yenye kosa. Watu waliitikia. Kwenye viti vya kwaya, Waruguru alitikisa kichwa kwa huruma, kama mtu ajuaye kosa moja dogo na amekubali kulitunza.

Wekoye aliuona huo mtikisiko wa kichwa.

Jeneza lilipofikishwa kaburini, msimamizi wa shughuli alitangaza wimbo. Kwaya ilijipanga upande wa mashambani. Wekoye aliinua mikono. Soprano walianza kwa sauti nyembamba, bila ala, na baadhi ya wazee waligeuka kutazama, kwa sababu si sauti waliyozoea kuisikia matangani. Wanaume wakaja chini yao. Mstari wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Hakuna aliyekuwa akilia kwa nguvu. Hata watoto walinyamaza. Wa tatu ukaanza kuteremka, na Wekoye akaona Waruguru akiitazama karatasi, akiitafuta ile herufi aliyoifuta.

Alikunja vidole. Hiyo ndiyo ishara ya kunyamaza. Kwaya ikakatika katikati ya neno.

Wimbo wa mazishi haukatwi. Msimamizi alisogea haraka akidhani mzee amezidiwa. "Mwalimu, kaa chini kidogo. Mleteeni kiti."

"Sitaki kiti."

Aligeuka. Sasa alitazama watu wote, na kaburi lilikuwa kati yake na wao.

"Kuna maneno nilisema Bungoma," alisema. "Mwaka elfu mbili na tatu, nje ya ukumbi, mbele ya kwaya hii. Nilisema mwandishi wangu alikosea. Si kweli. Mimi ndiye nilikosea. Alisikia le, akaandika le." Baadhi ya vijana walitabasamu bila kukusudia, kisha wakaona hakuna anayecheka. "Aliniuliza. Ni ya chini ama ni ya juu? Nikamfokea aandike nilivyosema. Iko kwenye kaseti. Nimeisikia juzi, Alhamisi."

Mukhisa alikuwa ameinamisha kichwa.

"Jana kanisani mkamsamehe. Na mimi nikasema Amina. Hakuna kitu alikuwa nacho cha kusamehewa. Ni hilo tu."

Mzee mmoja wa kutoka mlimani aliuliza kwa Kisabaoti kinachosemwa ni nini, na Chesang akamweleza kwa maneno machache. Mzee alifikiri, akamtazama Wekoye kwa muda mrefu, akaitikia kwa kichwa mara moja. Haikujulikana alimaanisha nini.

"Tuanze mstali wa kwanza," Wekoye alisema.

Walianza tena. Safari hii sauti hazikuwa imara kama mwanzo. Soprano wawili walikuwa wakilia. Walipofika mwisho wa mstari wa tatu, Wekoye aliushusha mkono wake wa kulia polepole, kifuani, tumboni, hadi usawa wa mshipi, akauacha hapo. Alto wakashuka nao. Waruguru hakuwa akiimba. Midomo yake ilifungwa, machozi yakimtiririka. Lakini wengine walishuka, na re ikakaa. Mkono ulibaki chini muda mrefu kuliko noti ilivyohitaji. Kwaya ilisubiri. Kisha akauinua, wakamaliza.

Baada ya maziko watu walipanga foleni ya chakula. Waruguru alimfuata Wekoye alipokuwa akinawa mikono kwenye bomba.

"Mwalimu, jana nikiomba, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Wekoye alifunga bomba.

"Nililala jikoni kwake siku kumi na moja," Waruguru alisema. "Nikamuuliza mbona hauimbi siku hizi, Mama Nekesa. Akaniambia koo." Alijifuta mikono kwenye leso, akaenda kuwasaidia wanawake kupakua.

Jumapili hiyo Waruguru hakuimba, na Jumapili ya pili hakuimba. Ya tatu alirudi, akasimama mahali pake, na hakulitaja jambo hilo tena. Wekoye naye hakumlazimisha.

Duka lilifunguliwa Jumatano baada ya mazishi. Redio za kutengeneza zilikuwa chache. Watu walikuwa na simu. Mchana, kichochoro kilipokuwa kimya, alitia kaseti ya pili mashineni, akaikimbiza mbele hadi mstari wa tatu. Alikuwa ameshajifunza mahali pa kuisimamisha. London iliteremka, kalamu ikasimama, na mkewe akauliza kama alivyouliza.

"*Re ya chini ama la ya juu?*"

Alibonyeza kitufe kabla sauti yake mwenyewe haijaingia. Mikono yote miwili ilikuwa huru. Aliushusha wa kulia hadi usawa wa mshipi, akaushikilia hapo, mpaka mteja alipogonga mlango akiwa na pasi mbovu.